Mama Sweta Ahamia Sofia

Kwa miaka kumi na tisa Aanyu aliishi Arubaine, mtaa wa mji wa mpakani upande wa Uganda, katika chumba cha tatu kwenye safu ya vyumba sita, akifuma sweta za shule. Mashine yake ilikuwa ya mkono, ndefu kama benchi la kanisani, na ukipita chini ya dirisha lake ungeisikia ikienda na kurudi tangu watoto wanapokwenda shule hadi wanaporudi. Jina alilopewa kwao Mukuju wachache walilijua. Mtaani aliitwa Mama Sweta, ingawa hakuwahi kuzaa.

Alikuwa haoni. Alizaliwa na macho mazima, akalima, akasoma hadi darasa la saba, akajifunza kufuma kwa masista. Alipofika miaka ishirini na nane presha ya macho ikaanza kumla, kidogo kidogo, kutoka pembeni kuja katikati. Daktari mmoja wa Tororo alimwambia ukweli bila kuuzungusha: kilichopotea hakitarudi, na kilichobaki nacho kitakwenda. Miaka minne baadaye kikawa kimekwenda.

Lakini Arubaine alihamia akiwa bado na mwanga kidogo, na hilo ndilo lililomwokoa. Mtaa aliujua kwa macho kabla hajaujua kwa miguu. Watu walidhani anahesabu hatua. Hakuwahi kuhesabu. Miguu ilijua yenyewe mahali ardhi inapoanza kuteremka, mahali pa ubao uliovuka mtaro, mahali unga wa mashine ya kusaga unapokuingia puani, na kutoka hapo ni kunyoosha tu hadi shule. Mtu akichimba shimo, majirani walipaza sauti kabla hajafika kona: "Mama Sweta! Leo pita kwa Osinya, huku kumechimbwa!" Fimbo nyeupe aliyopewa kanisani ilikaa chini ya kitanda, imekunjwa, haina kazi.

Alikaa na Annet, binti wa marehemu mdogo wake. Alimchukua mtoto ana miaka kumi na mmoja, akamsomesha kwa sweta hizo hizo, na sasa Annet alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na minne, karani katika ofisi ndogo ya kupitisha mizigo upande wa Kenya. Kila asubuhi alivuka mpaka kwa miguu, kila jioni akarudi.

Januari ile mwenye nyumba alikufa. Watoto wake wakauza kiwanja, na wapangaji wote sita wakaambiwa watoke kabla mwezi haujaisha. Annet alizunguka wiki tatu baada ya kazi akitafuta nyumba. Jioni moja Aanyu alimsikia akiingia na viatu bado mguuni, akiimba.

"Mama Mkubwa, nimepata! Vyumba viwili. Bomba liko ndani, ndani kabisa, si la kwenda kupanga foleni na ndoo. Sakafu ya vigae. Na kazini nitatembea dakika tano tu."

"Ni wapi?"

"Mtaa wa Sofia. Nyuma ya yadi ya matrela."

Aanyu aliacha mkono juu ya mashine, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Barabara iko mbali?"

"Barabara hiyo hapo, ukitoka tu. Usijali, utapazoea siku mbili."

"Basi ni vizuri," alisema Aanyu. "Mungu ametukumbuka."

Usiku huo hakulala, lakini Annet hakujua, maana mtu asiyeona akilala macho wazi hakuna anayeshangaa.

Walihama Jumamosi kwa pikapu. Vitanda, masufuria na mashine vilifungwa nyuma kwa kamba. Aanyu alikaa mbele amepakata mfuko wa nyuzi, akijaribu kufuata njia kwa mwili. Kushoto kwenye harufu ya petroli. Kulia kwenye matuta mawili. Kisha wakakata kona tatu za harakaharaka na kila kitu kikamchanganyikia. Ulikuwa mwendo wa dakika kumi tu, katika mji uleule aliouishi karibu nusu ya maisha yake. Lakini aliposhuka garini, kama mtu angemwambia yuko Kampala, angeamini.

Kitu cha kwanza kumpokea huko Sofia kilikuwa breki. Pshhhhh! Upepo wa breki za lori ulilia karibu yake mpaka akaruka na kugonga mlango wa pikapu kwa kiwiko.

"Ni trela tu, Mama Mkubwa. Liko ng'ambo ya ukuta."

"Naam, nimesikia."

Ndani kulikuwa kubaya zaidi, na hilo hakulitegemea. Vigae vile Annet alivyojivunia vilikuwa laini mahali pote. Arubaine sakafu ilikuwa na ufa mmoja kutoka mlangoni hadi kitandani, na bonde dogo mbele ya meko. Nyayo zilimwambia alipo. Hapa nyayo zilikaa kimya. Alitembea amenyoosha mikono mbele kama alivyotembea mwaka ule wa kwanza wa giza, akagonga kona ya kabati siku ya kwanza, akagonga kona ileile siku ya pili. Na malori yakiondoka, sakafu yote ilitetemeka chini ya miguu yake, vijiko vikalia ndani ya kikombe.

Siku tisa hakutoka getini. Annet akiondoka alfajiri alimwacha mezani na mashine, akirudi alimkuta mezani na mashine. "Umetoka leo?" "Nilifika getini," Aanyu alijibu, au "Nilikaa nje kidogo, kuna jua zuri." Hakuna hata moja lililokuwa kweli. Choo kilikuwa mwisho wa ua, kimeegemea ukuta wa yadi, na dereva akikanyaga mafuta ng'ambo, mlango wa bati ulimtetemekea Aanyu usoni akaona kama ukuta unamwangukia. Basi akaacha kunywa chai ya asubuhi. Kisha akapunguza maji. Midomo ikampasuka.

"Mbona midomo yako hivyo?" Annet aliuliza, akimshika kidevu.

"Vumbi la huku."

Annet akamnunulia mafuta ya kupaka. Alirudi jikoni akafungua bomba, akaosha vyombo huku akiimba.

Siku ya kumi, asubuhi, simu ililia. Alikuwa Mwalimu Akongo, mkuu wa shule ya msingi ya Arubaine ambayo Aanyu aliifumia tangu mwanzo.

"Mama Sweta, za huko ulikohamia? Watoto wa darasa la kwanza wanatetemeka na baridi hii. Zile sweta ziko tayari?"

Zilikuwa tayari, ishirini na moja, zimekunjwa ndani ya mfuko mkubwa pembeni ya mashine. Siku zote alizipeleka mwenyewe. Zikisubiri Annet arudi jioni, shule ingekuwa imefungwa.

"Zinakuja leo, Madamu," alisema, na maneno yalipomtoka mdomoni mgongo ulimlowa jasho.

Alimpigia Othieno, mwendesha boda wa kule Arubaine aliyembeba miaka yote, lakini Othieno alikuwa ameenda mazishini Lunyo. Hakuwa na namba ya mwingine. Annet alikuwa amemwonyesha njia mara moja, siku ile ya kuhama, mkono kwa mkono: unatoka getini, unageuka kushoto, unafuata ukuta mpaka uishe, unavuka barabara ndogo, hapo kuna stage, kituo cha bodaboda. Mtu mwenye macho angefika kabla hajamaliza kutafuna muhogo.

Akaitoa fimbo chini ya kitanda, akaikunjua. Akaingiza mikono kwenye kamba za mfuko, akaubeba mgongoni. Getini alisimama akajaribu kuomba, akasahau maneno ya sala aliyoijua tangu utotoni. Akageuka kushoto.

Ukuta ulikuwepo. Alitembeza vidole juu ya matofali yake makavu, akahesabu, kwa sababu miguu haikujua lolote. Kumi. Ishirini. Alipofika thelathini na moja mwanamume mmoja alimsalimu, akaitikia, hesabu ikapotea. Aliendelea. Matofali yakaisha na chini ya vidole kukaja chuma. Akadhani ni geti la mtu. Akalifuata. Chuma kilikuwa kirefu, kirefu sana, kikaishia kwenye turubai na kamba, na baada ya hapo kikaja chuma kingine kilichokaa mshazari.

Hapo ndipo alipoelewa kwamba anapapasa matrela.

Siku ile ya kuhama hayakuwepo. Ukuta wote ulikuwa wazi, na Annet hakujua kumwambia kwamba foleni ikijaa yadini madereva huja kuegesha nje, leo hapa, kesho pale. Aanyu aligeuka arudi alikotoka, akakuta chuma. Akageuka tena, chuma. Injini zilinguruma mbele na nyuma, na kila sauti ilipiga kwenye bati la trela la jirani ikarudi kwake mara mbili, hakujua ipi ni yenyewe na ipi ni mwangwi. Alinusa, akapata dizeli tu. Aliinua uso atafute jua, lakini mawingu yalikuwa yametanda, baridi ikawa sawa pande zote.

"Mathe, pita huko!" mtu alimpigia kelele kutoka juu ya lori, akimwita mama kwa lugha ya madereva.

Huko! Huko ni wapi? Neno hilo ni la watu wenye macho. Mtu yule bila shaka alinyoosha kidole, akaendelea na shughuli zake.

Aanyu alikwenda upande aliodhani ndio, hatua kumi, kumi na tano. Fimbo ikagonga mpira wa gurudumu. Akaugusa: ulikuwa wa moto, lori lilikuwa limefika sasa hivi. Akanyoosha mkono upande wa pili akagusa gurudumu lingine, na lile lilikuwa baridi. Hakuwa mjinga; lililopoa lilikuwa limekaa siku nyingi, na lililokaa siku nyingi ndilo litakaloondoka.

Akataka kuondoka hapo upesi, na mfuko ukamvuta nyuma. Kamba yake ilikuwa imenasa kwenye kulabu ya turubai. Akavuta. Ikakaza. Na injini ya lile lililopoa ikawaka, karibu naye mno, ardhi yote ikatetemeka, kisha ikaanza kile kilio chake cha kurudi nyuma: pip, pip, pip, pip.

Aanyu alikuwa nyuma ya lori hilo. Mgongo wake ulikuwa umebanwa kwenye trela jingine.

Alifungua mdomo apige kelele na sauti haikuja. Miaka mingi hakuwa amepiga kelele. Arubaine hakuwa na haja; kila mtu alijua, na yeye mwenyewe hakuwa amelitamka lile neno mbele ya mgeni hata siku moja. Pip, pip, pip. Hewa ya joto ilimpiga magotini. Alihisi mkojo ukimteremka miguuni na hakuweza kuuzuia. Ndipo sauti ikatoka, kubwa, mbaya, kama si yake.

"Sioni! Jamani, mimi sioni! Sioni!"

Chuma kilimgusa kifuani, polepole kabisa, kama mtu anayebisha hodi. Kisha kikasimama. Injini ikazimwa.

Mlango wa juu ulifunguliwa kwa kishindo, viatu vikatua kwenye changarawe vikaja mbio. "Nani huko nyuma? Nani?" Halafu mwanamume yule akasema kwa sauti ya chini, "Yesu wangu."

Aliitwa Rasto, dereva kutoka Bungoma, alikuwa akielekea Jinja na saruji. Hayo Aanyu aliyajua baadaye. Wakati ule alichosikia ni mtu akijikalisha chini mbele yake, na njiti ya kiberiti ikikwaruzwa, ikikwaruzwa tena, bila kuwaka.

"Aki mathe, umenimaliza," alisema. "Umenimaliza kabisa. Kioo hakikuonyeshi ukiwa hapo. Mbona hukupiga nduru mapema?"

"Nisamehe, baba."

"Usiniambie nikusamehe! Ningekuua!" Akapaza sauti kwa hasira, kisha hasira ikamwisha palepale. Akainuka, akaifungua kamba kwenye kulabu, akamshika mkono mpaka mahali penye hewa.

Mwanamke aliyewauzia madereva chai alikuja mbio. "Mama, wewe nakwenda wapi na mzigo hii yote?"

"Stage ya boda."

"Stage? Stage iko nyuma, mama. Wewe umepita zamani. Hapa mbele ni Kenya."

Alimtazama, bila shaka aliona sketi iliyolowa, kwa maana hakusema neno jingine. Alifungua leso yake mwenyewe akamfunga Aanyu kiunoni, akaikaza mafundo mawili. Jina lake Phiona. Alimwita mwendesha boda anayemfahamu, akamkabidhi mfuko wa sweta na jina la shule, kisha akamshika Aanyu kiwiko akamrudisha nyumbani. Njiani Aanyu alimkaza vidole kwa nguvu kiasi kwamba Phiona alicheka, "Mama, huo mkono nitapikia chapati kesho, usivunje."

Jioni Annet alipata habari kabla hajafika mlangoni. Phiona alikuwa amemngojea barabarani. Annet aliingia bila kuvua viatu. Aanyu alikuwa ameketi kitandani, ameoga, ameshika leso ya Phiona aliyoifua, bado mbichi.

"Ni kweli?" Annet aliuliza.

"Ni kweli."

"Ulikwenda peke yako. Umeniambia kila siku unatoka, unakaa juani, umepazoea!" Sauti ilimpanda. "Kama lori lingekukanyaga ningeletewa nini mimi hapa? Sweta?"

Annet akasogea karibu na kitanda.

"Kwa nini hukuniambia huwezi?"

"Ulikuwa unaimba."

"Nini?"

"Siku uliyokuja kusema umepata nyumba, ulikuwa unaimba. Sijakusikia ukiimba tangu tulipomzika mama yako." Aanyu alikunja leso, akaikunjua. "Naogopa, Annet. Tangu siku ya kwanza. Naogopa choo, naogopa hii sakafu, naogopa kunywa maji. Nikisikia breki nadhani zimeingia ndani. Mimi ni mtu mzima, nilikulea, nikaona aibu kukwambia naogopa kwenda chooni."

Kitanda kilibonyea, Annet alikuwa amekaa kando yake. Alilia, kisha akapenga kamasi. Kisha akauliza, "Tuhame tena?"

"Tuhamie wapi? Umetafuta wiki tatu."

Hakukuwa na pa kwenda, na wote wawili walilijua hilo. Annet alienda jikoni akachemsha chai, akajaza kikombe kikubwa, akakaa mbele yake mpaka akamaliza. Kisha akampeleka chooni, akasimama nje ya mlango wa bati akizungumza kwa sauti kubwa juu ya bosi wake, ili Aanyu amsikie yeye asiyasikie malori.

Jumamosi walitoka pamoja. Annet alitandika mkeka mlangoni na mwingine mbele ya jiko, ili nyayo zipate cha kushika ndani ya nyumba. Nje walitafuta njia nyingine, wakaipata: ukigeuka kulia badala ya kushoto unapita nyuma ya kanisa, unafuata ukuta wake wa mawe hadi mwisho, unakata kwa wauza mbao, unatokea stage upande wa pili. Ni ndefu mara tatu na ina mtaro. "Lakini ukuta wa kanisa hauendi Kigali," alisema Annet, na kwa mara ya kwanza tangu wahame Aanyu alicheka.

Waliipita Jumamosi nne. Ya tano Annet alimfuata kwa nyuma bila kumshika. Wiki iliyofuata Aanyu akaenda peke yake na Phiona akampigia simu Annet kumwambia amefika. Lakini mara mbili baada ya hapo alifika katikati ya njia, breki zikalia mbali huko yadini, akageuka akarudi nyumbani na sweta zake mgongoni. Hofu haikumtoka. Alijifunza tu kuibeba pamoja na mzigo mwingine. Kwa wauza mbao alianza kusema mwenyewe, kabla hajaulizwa, "Habari za kazi? Mimi sioni, napita hapa," na kila mara aliposema, uso ulimchoma.

Aprili mvua zilikuja kwa nguvu. Asubuhi moja mtu alikuwa amechimba shimo la bomba katikati ya njia ya kanisa, na hapa hakuna aliyejua kumpigia kelele. Aliingia hadi kiunoni kwenye maji ya matope. Fimbo ilimponyoka. Alisimama ndani ya shimo, mikono juu ya ukingo, na yote yakamrudia kwa pamoja, chuma kifuani, joto magotini, sauti iliyogoma kooni. Hakujua ukuta uko upande gani. Alingoja, akitetemeka, mpaka akasikia wanawake wakitoka kwenye maombi ya asubuhi.

"Jamani," aliita. "Nimeanguka. Nisaidieni, sioni."

Wanne walimvuta. Mmoja akaiopoa fimbo, akaifuta kwa kitambaa chake.

Usiku ule alimweleza Annet kila kitu, hakuficha hata lile la kutetemeka. Annet akamkanda goti aliloumia shimoni kwa maji ya moto. "Na kesho?" aliuliza.

"Kesho nina sweta kumi na mbili za kupeleka."

"Nitaomba ruhusa, niende na wewe."

"Usiombe. Niambie tu shimo liko wapi."

Asubuhi Aanyu alisimama getini muda mrefu, mkono juu ya chuma baridi, akisikiliza. Trela moja lilikuwa linaondoka, jingine linaingia. Alingoja yote mawili yamalize, kiganja kimelowa juu ya fimbo. Kisha akageuka kulia.